Vijiti Vyangu vya Uskoti

Mwaka juzi nilikwenda Uskoti kutembea, usubi wakanifanya kitoweo. Mmoja humwoni, wakija elfu, unajipiga makofi mwenyewe barabarani. Mzee mmoja wa huko alinihurumia, akachuma kijitawi kando ya kinamasi, akaniambia nijisugulie. Usubi hawakuondoka wote, ila ile harufu ilinikaa kichwani.

Kurudi London nikaagiza mche wake. Wataalamu wanauita Myrica gale. Unataka miguu yake iwe majini mwaka mzima, na chokaa ni adui yake. Sasa maji ya bomba ya London, tazama tu birika lako linavyoganda weupe ndani. Mimi nikamwagilia hayohayo. Majani yakageuka njano. Nikakumbuka mchicha wa mama kule Tanga, nikautilia majivu. Kumbe majivu na chokaa ni ndugu! Ni kama kumnywesha ndimu mwenye vidonda vya tumbo. Hata mbolea hauhitaji. Mizizini una bakteria wanaouvutia naitrojeni kutoka hewani.

Basi nikaweka chungu chake ndani ya beseni, nikakinga maji ya mvua, ukapona. Baridi ilipoingia ukapukutisha majani, ndiyo desturi yake, vikabaki vijiti.

Mwezi wa tatu mama akaja kunitembelea. Hata begi hajafungua, kaona beseni.

"Mwanangu, unafuga mbu?"

Akamwaga. Nikamweleza mambo ya kinamasi. Akanisikiliza vizuri sana, kisha akasema yeye amepigana na malaria tangu mimi sijazaliwa, na hivyo vijiti vimekufa, nivizike. Ikawa jioni najaza, asubuhi anamwaga, hakuna anayemsemesha mwenzake juu ya jambo hilo.

Ijumaa moja natoka kazini, nasikia king'ora cha moshi toka kona ya mtaa. Nikakimbia na viatu vya ofisi. Naingia, moshi umetanda mpaka darini, na mama katulia mkekani mbele ya chetezo alichokuja nacho kutoka Tanga, buibui lake kalitandaza juu ya kiti.

"Shikamoo mama, kuna nini?"

"Marahaba. Udi umeniishia, nikavunja vile vijiti vyako vilivyokufa. Mashallah, vinanukia! Ila hicho kidude chako cha darini kina kelele, kizime."

Alikuwa ameshafukiza buibui, msala, mapazia na koti langu la kazini. Jumatatu ofisini niliulizwa mara tatu natumia manukato gani.

Sasa yuko Tanga. Kila akipiga simu anauliza vijiti vingine nitamletea lini, maana msala umeanza kupoteza harufu. Na kisiki kimechipua vizuri tu, kwa hiyo sina kisingizio. Kinachonishinda ni kumwambia kwamba zamani, kabla maua machungu ya hopsi hayajashika soko, Wazungu walikuwa wakiutia mti huo kwenye bia.