Mvua ya Vuli na Wageni wa Meli

Kila msimu wa meli za kitalii kuna kauli moja inayoniudhi: "Leo mvua imetuharibia siku." Utaisikia asubuhi kwenye geti la bandari ya Unguja, mtaa wa Malindi, ikitoka kwa mtembeza watalii aliyeshika kibao chenye namba ya kundi lake, kabla hata mgeni mwenyewe hajalalamika. Anaomba radhi kwa niaba ya mawingu! Mashua za kwenda kisiwa cha Changuu zimesimama, njia ya mashamba ya viungo ni tope tupu, basi mpango unabaki mmoja. Wageni wanapakiwa kwenye basi, wanazungushwa mjini huku vioo vimejaa ukungu, wanashushwa kwenye duka la vinyago ambalo dereva analijua yeye, na saa sita wamesharudi melini kula chakula walichokilipia kwao.

Mimi naona siku hiyo ndiyo hasa ya kuutembea Mji Mkongwe.

Chukua baraza, lile benchi la mawe lililojengwa kando ya ukuta wa nyumba. Siku ya jua mtembezaji husema "hapa watu hukaa wakazungumza", mgeni anapiga picha, safari inaendelea. Lakini mvua ikishuka kwa nguvu, milizamu ya mapaa ikaanza kumwaga, mchochoro unageuka mto, na hapo baraza inakuwa njia. Watu wanapita juu yake wakijishikiza ukutani, nyumba hadi nyumba, kanzu zimekunjwa mpaka magotini. Mpandishe mgeni juu ya baraza apishane na mtoto anayetoka chuo cha Kurani, juzuu ameifutika kifuani, na mmoja wao lazima ajibane mlangoni ili mwenzake apite. Akitoka hapo amejua baraza ni nini, na wewe hujatoa maelezo hata ya dakika moja.

Kuta nazo husema siku ya mvua. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hunywa maji kisha ikayatoa hewani, ndiyo maana ukuta mnene kama ule umeweza kukaa miaka mia na zaidi. Mwenye nyumba akiona plasta imechakaa, fundi humshauri apige saruji kwa kuwa ni rahisi na inakauka haraka. Unyevu ukiingia nyuma ya saruji hauna pa kutokea. Pita mitaa ya Hurumzi au Mkunazini mvua ikiwa imeshika, utazitambua nyumba za saruji bila kuuliza: ukuta una madoa meusi, plasta imevimba, na ukiigonga kwa kidole inaitika kwamba ndani ni tupu. Juu kuna boriti za mikoko, na vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Maji yakifika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, dari nzima iko hatarini. Mgeni aliyeoneshwa hayo, ukimsimamisha mbele ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hatauliza swali la kipuuzi. Ataanza kuuliza nani anatengeneza mapaa ya mji huu, na kwa fedha gani. Swali hilo mtembezaji ajiandae nalo, maana si jepesi.

Kanisa la Anglikana la Mkunazini nalo linahitaji muda ambao siku ya jua haupatikani. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo ujenzi wa kanisa ukaanza papo hapo. Kwa kawaida makundi huingia na kutoka, picha mbili, twende. Mvua ikiwafungia ndani watu hukaa kwenye viti, wanasoma maandishi, wananyamaza. Kwangu hiyo ni heshima zaidi kuliko picha mia.

Baadaye wapelekeni kahawa. Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, mvua haivunji mazungumzo, inawasogeza watu tu chini ya vibanda na vipenu, dele la kahawa linabaki kwenye makaa, dhumna zinaendelea kugongwa na siasa haijapungua hata kidogo. Kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata bei yake ni ndogo, lakini fedha hiyo inaingia moja kwa moja mkononi mwa muuzaji, haipiti ofisi yoyote. Tafadhali msiwaulize wazee kama wako tayari kupigwa picha. Waulizeni kwanza hali zao, ndipo muombe nafasi ya kukaa.

Sisemi mvua ni tamasha. Jirani yangu usiku wa mvua hulala na ndoo tatu chumbani, na watu wa mtaa wa Mwanakwerekwe wanajua maji yanavyowafunga njia. Ndiyo maana sitaki wageni wapelekwe kushangaa nyumba za watu zilizofurika. Kuna mpaka kati ya kuuona mji na kuchungulia shida ya mtu, na mtembezaji mzuri anaujua bila kuambiwa.

Ninachoomba kwa kampuni za matembezi ni kidogo. Meli nyingi hutufikia miezi ya baridi ya Ulaya, na mwanzo wa msimu huo ndio vuli yetu, mvua inayomwagika kwa kishindo halafu ikakata. Haiji kwa kushtukiza. Basi andaeni njia ya mvua mapema: Mizingani, Hurumzi, Jaws Corner, Mkunazini, Darajani, kwa miguu, makundi madogo, ndara za mpira na makoti ya mvua. Wageni waambiweni jana yake wakiwa bado melini, siyo getini. Na mtembezaji alipwe ujira kamili hata kama safari ya awali imefutwa, kwa sababu kazi ya siku hiyo ni kubwa kuliko kukaa kwenye basi na kipaza sauti.

Nahodha wa mashua ya Changuu ndiye anayebaki. Yeye siku hiyo anarudi nyumbani mikono mitupu, na njia yangu ya mvua haimfikii. Chama chao na kampuni wakae, watenge fungu la siku za bahari mbaya kutoka kwenye tiketi za siku njema.