Paka Aliyetema Nuru Usiku wa Ombaomba

Katika mji wa Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa nchini Marekani, kwa miongo mingi, hadi miaka ya karibuni, watoto walikuwa wakizunguka kuomba peremende usiku wa tarehe 30 Oktoba, ilhali wenzao wa miji mingine walisubiri tarehe 31, siku ya Halloween yenyewe, sikukuu ambayo watu hujivika kama mizimu na viumbe vya kutisha. Wenyeji huuita Usiku wa Ombaomba. Chanzo chake ni fujo: mwaka 1938 uharibifu wa mali uliofanywa na vijana usiku wa Halloween uliwachosha polisi wa mji, na wakubwa wakaona ni afadhali watoto watengewe jioni yao, wapite nyumba kwa nyumba kwa adabu kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili, kisha wakalale. Sharti likawekwa kwamba asiyetoa hapewi. Zamani mtoto alilipa kwa wimbo, shairi au mchezo mdogo. Siku hizi hulipa kwa kichekesho, tena mara nyingi kichekesho kilekile alichokileta mtoto aliyetangulia.

Mimi nimevisikia vichekesho hivyo nikiwa nimesimama mlangoni na bakuli mkononi, huku baridi ikiniingia hadi kwenye uti wa mgongo. Kwa nini kiunzi cha mifupa hakipigani? Kwa sababu hakina moyo. Mtoto wa kwanza akikueleza hivyo unacheka kwa dhati, wa tano unamchekea kwa huruma, na baada ya hapo unaanza kukitamani kiunzi chenyewe kije kikuondolee adha. Hata hivyo nakiri kwamba huo ndio usiku pekee katika mwaka ambapo jirani hugonga mlango wangu bila kupiga simu kwanza. Kwa mtu aliyekulia Tanga, mahali ambapo watu hubisha hodi wakiwa wamekwisha kuingia ukumbini, upweke wa mitaa ya Marekani ni mzigo, na ikibidi uondolewe na watoto waliojipaka damu ya bandia, basi na waje.

Lakini mambo mengine ya sikukuu hiyo hayanikai rohoni. Sipendi makaburi ya plastiki mbele ya nyumba wanamolala watu wazima wenye akili zao. Sipendi pia yale yanayowapata wanyama. Mbwa wa jirani yangu wa mkono wa kulia ni mfupi na mrefu kwa wakati mmoja, na kila mwaka huvishwa mkate pande zote mbili ili aonekane soseji, akatembea barabarani akiwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa. Mbwa huyohuyo mwaka mmoja aliiba chokoleti pamoja na makaratasi yake. Ndani ya chokoleti mna kitu kiitwacho theobromini, ambacho mwili wa mbwa huchelewa sana kukiondoa, na kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi ndivyo sumu inavyozidi, kwa hiyo usiku ule ulimalizikia kwa daktari wa wanyama, mnyama akitapishwa kwa sindano na mwenye mnyama akitapishwa fedha.

Sisi tuna paka, tena paka mweusi tititi, ambaye binti yetu alimwita Kahawa. Tulimchukua majira ya kiangazi katika kituo cha kulelea wanyama, na mhudumu akatueleza kwamba tumefika wakati mzuri, kwa kuwa vituo vingine vina desturi ya kutowatoa paka weusi mwezi wa Oktoba, kwa hofu kwamba watu watawachukua kwa ajili ya pambo au kwa ajili ya mabaya zaidi. Niliona aibu kidogo kwa niaba ya Wamarekani, kisha nikakumbuka namna paka mweusi anavyotazamwa kwetu akikatiza njia usiku, nikanyamaza.

Mwaka ninaousimulia, mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea. Ni mama mpole, mcha Mungu, na mimi na yeye tuna heshima ya ukwe inayotufanya tuongee kwa uangalifu wa mabalozi wa nchi mbili zilizowahi kupigana. Jambo la kwanza lililomsumbua halikuwa mizimu bali maboga. Aliyaona yamewekwa kwenye ngazi za nyumba, yametobolewa macho na meno, yanaoza, akauliza kama watu hawa hawajui nazi. Nilimweleza kwamba Waairishi waliohamia Marekani walikuwa na desturi ya kuchonga taa kwenye tanipu, aina ya mboga ya mizizi, na walipofika huku wakakuta boga ni kubwa na jepesi kuchongwa. Hakuridhika. Siku iliyofuata alilichukua boga letu la mlangoni, akalipika kwa tui zito, na kwa kuwa maboga ya kuchonga yana maji mengi na utamu haba, tulikula kwa adabu huku mimi nikisifu tui.

Jambo la pili lilikuwa watoto kuombaomba. “Mkwe wangu,” aliniambia, “mtoto mwenye baba na mama anapelekwaje na mfuko kwa watu asiowajua?” Nilimkumbusha kwamba hata kwetu, siku ya Idi, watoto huzunguka nyumba kwa nyumba kupewa mkono wa Idi. Akafikiri, kisha akasema kwamba watoto wa Idi huvaa nguo mpya na huanza kwa shikamoo, na kwamba hajapata kumwona mtoto wa Idi mwenye shoka kichwani. Sikuwa na jibu.

Jioni ya Usiku wa Ombaomba mke wangu alikuwa kazini hospitalini, binti yetu alikuwa akizunguka mtaani pamoja na mama wa rafiki yake, na mimi nikabaki na zamu ya mlango. Taa ya barazani niliiwasha, kwa sababu kwa desturi ya huku nyumba yenye taa inakaribisha na nyumba yenye giza inaomba iachwe. Wazazi wengi huwavisha watoto bangili na mikufu ya plastiki inayong'aa gizani ili madereva wawaone, na mtoto mmoja aliyevaa kama nyuki aliidondosha bangili yake mlangoni petu alipokuwa akihangaika kukumbuka mwisho wa kichekesho chake. Nilikuwa bado namsaidia kuutafuta mwisho huo pale Kahawa alipopita katikati ya miguu yangu, akaing'ata bangili, akakimbia nayo ndani.

Ndani ya bangili hizo mna kemikali iitwayo dibutili fthalati, ambayo uchungu wake hauna mfano. Paka akiitoboa kwa jino, hutokwa na mate mengi na povu, hutikisa kichwa, hukimbia ovyo, na yote hayo humtokea huku kinywa chake kikitoa nuru ya kijani. Mimi wakati huo sikulijua hilo. Mama mkwe hakulijua pia, na yeye ndiye aliyekuwa chumbani akiswali Isha, katika mwanga hafifu uliotoka ukumbini.

Kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo nimeyasikia mara nyingi na ambayo hayajawahi kupungua, alikuwa amefika mwisho wa sala. Aligeuza uso kulia, akatoa salamu, hakuona kitu. Aligeuza uso kushoto, akatoa salamu, na hapo, kando ya mswala wake, palikuwa na kiumbe cheusi kisichoonekana mwili, chenye macho mawili na mdomo unaowaka, kikidondosha moto wa kijani zuliani.

Mtu mwingine angekimbia. Mama mkwe ni mtu wa Ngamiani, kulekule Tanga, na kwa imani yake jini hakimbiwi, husomewa. Nilichokisikia kutoka mlangoni ni Ayatul Kursi kwa sauti ya juu kabisa, halafu maneno haya yaliyotamkwa kwa heshima zote: “Kama umetumwa, rudi kwa aliyekutuma, na kama umekuja kwa hiari yako, nyumba hii ina wenyewe.” Kahawa, ambaye shida yake ilikuwa ladha na si maadili, alipita juu ya kitanda, akaruka juu ya kabati, akatoka chumbani kwa kasi, na nyuma yake akatoka mama mkwe katika vazi lake jeupe la sala lililomfunika kuanzia kichwani hadi miguuni, akiendelea kusoma.

Nilimwacha nyuki barazani, nikapiga simu kwenye huduma ya ushauri wa sumu kwa wanyama, ambayo hupokea simu saa 24 na hutoza ada kabla ya kutoa neno. Bibi aliyepokea aliuliza namba ya kadi yangu, umri wa paka na uzito wa paka, kwa utulivu ulionikera. Kisha akaniuliza kama mate yanang'aa. Nilipomjibu kwamba yanang'aa, tena yapo hata kwenye pazia, akaniambia kwamba usiku huo alikuwa akizitarajia simu kama yangu. Alinieleza kwamba kimiminika kile ni kichungu mno lakini ni nadra kumdhuru paka vibaya. Nimpe kitu kitamu kama maziwa au jodari wa kopo ili uchungu utoke, halafu nizime taa zote za nyumba, kwa kuwa gizani ndipo ningeyaona madoa yanayong'aa kwenye manyoya na kuyafuta kwa kitambaa chenye maji, la sivyo angejilamba na kuanza upya.

Nikazima taa zote. Katika haraka ile nilizima na ya barazani, lakini mlango wenyewe niliuacha wazi, na kwa hiyo kundi lililofuata la watoto pamoja na wazazi wao lilifika mbele ya nyumba yenye giza totoro, ambamo mdomo wa kijani ulikuwa ukielea hewani kutoka chumba hadi chumba, umbo jeupe likiufuata kwa kisomo cha Kiarabu, na mwanamume mzima akitambaa sakafuni na kopo la samaki, akiita kwa sauti ya kubembeleza jina la kinywaji.

Walipiga mayowe. Kisha, jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo, wakapiga makofi. Mtoto mmoja aliyevaa kama dinosauri alilia akabebwa, lakini alipofikishwa barabarani akataka kurudishwa. Watoto wa upande wa pili wa mtaa walisikia mayowe wakavuka, na punde palikuwa na foleni hadi kwenye njia ya magari. Baba mmoja aliingiza kichwa ndani na kuniuliza kwa heshima mashine ile ya paka niliinunua duka gani na betri zake hudumu muda gani.

Aliyemkamata Kahawa ni mama mkwe. Harufu ya jodari ilipomfanya jini asimame na kulia nyau, mama alinyamaza ghafla, akamtazama kwa muda, akavua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni, akamtupia. “Huyu ni paka wako, mkwe wangu,” alisema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa ushindi. Tulimpeleka bafuni, yeye akamshika, mimi nikamfuta gizani, na kwa kuwa paka hapendi kufutwa, kile kilichotoka kwenye manyoya yake kilihamia kwenye ndevu zangu na kwenye kidevu cha mama. Kwa sababu ya heshima ya ukwe hakuna aliyemwambia mwenzake.

Tuliporudi mlangoni tukiwa tunawaka, foleni ilikuwa bado ipo. Mbele yake alisimama mtoto wa Kikongo wa mtaa wa pili, ambaye familia yake ilitoka Uvira, naye ndiye aliyemweleza mama kwa Kiswahili cha kwao kwamba kabla ya kupewa peremende ni lazima aseme jambo la kuchekesha. Mama akamwambia hana haja ya kuchekeshwa zaidi usiku ule. Akavuta kiti, akaliweka bakuli mapajani, akasema, “Kitendawili!” Mtoto alisita, kisha kitu fulani kikamwamkia, akajibu, “Tega!” Nyumba yangu haina mlango. Yai. Akapewa konzi nzima, na watoto waliokuwa nyuma yake, ambao hawakujua hata neno moja la Kiswahili lakini walijua kuhesabu konzi, wakaanza kupaza sauti mmoja baada ya mwingine, “Tega!” Wote wakapewa. Peremende ziliisha kabla ya saa mbili, akaanza kugawa tende zake alizotoka nazo Tanga.

Kahawa alilala mapema akiwa ameshiba jodari kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake, na tangu mwaka huo hufungiwa chumba cha nyuma pamoja na maji na sanduku lake la mchanga kabla kengele ya kwanza haijalia. Mke wangu alirudi usiku, akatukuta gizani sebuleni mimi na mama yake tukiwa tumekaa mbali kwa adabu, kila mmoja akiwa na nuru usoni, akauliza kwa nini taa zimezimwa, nikamwambia ni maelekezo ya daktari.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la familia, ujumbe mrefu sana, ambamo jini alikuwa na kimo cha mlango na mimi sikutajwa isipokuwa kwa kutambaa. Kulipopambazuka, simu yangu ilikuwa imejaa salamu za pole kutoka Tanga, Pangani na Muheza. Shangazi wa mke wangu hakutuma pole. Yeye alitaka kujua kama jodari huyo ni lazima awe wa mafuta, au hata wa maji ya chumvi anafaa.