Mdogo wake Bigga Haitian

Mdogo wangu anapiga kazi ya sekyuriti kule Marekani, shifti ya jioni mpaka usiku wa manane, na akitoka ananitumia neno moja tu "nimetoka" halafu akifika kwake "nimefika". Kwake inakuwa saa sita usiku, kwangu asubuhi nimebanana kwenye daladala ya Mbagala, na kati ya hayo maneno mawili mi sina raha kabisa. Wenzangu ofisini wanasema nakuza mambo, mtu mzima yule ana mke ana mtoto, niache kumfanya mtoto mdogo. Sawa, lakini mi namjua Patrick Dorismond na wao hawamjui, ndo maana leo nimeamua nimwandike.

Patrick alikuwa kijana wa New York, familia yao ya wahamiaji kutoka Haiti. Baba yake, André Dorismond, alikuwa mwimbaji anayejulikana kwao Haiti, aliimba na bendi ya Webert Sicot, na kaka yake Charles ndo yule msanii wa reggae anayeitwa Bigga Haitian, kwahiyo ilikuwa nyumba ya muziki. Patrick yeye alikuwa mlinzi, analinda maeneo ya Mtaa wa 34 pale Manhattan. Alikuwa na miaka 26 na watoto wawili wa kike, wadogo bado.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Machi 2000 alitoka kazini na mwenzake wakapita baa kupata bia mbili tatu, kama mtu yeyote aliyesimama juu ya miguu yake masaa yote. Baa yenyewe iko Barabara ya 8 karibu na Mtaa wa 37, na jina lake, nilivyolisoma mara ya kwanza nilirudia kusoma, ilikuwa inaitwa Wakamba. Ndio, Wakamba, hawa hawa wa Machakos na Kitui. Sijui nani aliipa hilo jina lakini tangu siku hiyo habari hii nikaona siyo ya mbali tena, imekuja mpaka mlangoni kwangu.

Wametoka nje wanatafuta teksi warudi majumbani, akaja mtu akamuuliza Patrick ana bangi amuuzie. Patrick hakuwa na bangi wala hakuwa muuzaji, akachukia, na mi namwelewa kabisa, umemaliza kazi yako ya halali mtu asiyekujua anakufanya muuza bangi. Maneno yakawa makali, mikono ikaingia. Yule mtu alikuwa askari kanzu na wenzake walikuwa karibu pale pale, mmoja wao akafyatua risasi ikampata Patrick kifuani. Hakuwa na silaha. Akafa usiku huo huo. Yaani kosa lake ukilitafuta lote ni kwamba aliulizwa kitu kibaya akakasirika.

Na ikumbukwe hapo haijaisha hata mwezi tangu askari wanne waliomuua Amadou Diallo, yule kijana wa Guinea aliyemiminiwa risasi 41 mlangoni kwake, waachiwe huru mahakamani. Na Wahaiti wenyewe walikuwa bado na kidonda cha Abner Louima, mtu wao aliyeteswa kinyama kituo cha polisi Brooklyn mwaka 1997.

Lakini kinachonichoma mimi zaidi ni kilichofuata baada ya risasi. Kwetu mtu akifa hata kama alikuwa na madeni, hata kama mligombana juzi, unakaa kimya, unaenda msibani unakaa kwenye mkeka, maneno ya marehemu yanasubiri. Meya wa New York wakati huo, Rudolph Giuliani, hakusubiri hata mazishi. Alitoa hadharani rekodi za Patrick, mpaka ya alivyokamatwa akiwa na miaka 13, jambo ambalo halikufika popote na faili lake lilikuwa limefungwa kisheria kwa sababu alikuwa mtoto. Eti mtu akishakufa hana tena haki ya siri zake. Akasema na kwenye televisheni kwamba Patrick hakuwa mtumishi wa altare, msemo wa Kiingereza wa kusema mtu siyo malaika. Jamani! Sasa Patrick utotoni aliwahi kuwa mtumishi wa altare kweli, na alisoma Bishop Loughlin, shule ya Kikatoliki ya Brooklyn ambayo meya mwenyewe ndo aliyosoma.

Hebu fikiria wewe ndo mama yake. Mwanao yuko mochwari, hujachagua hata suti ya kumzikia, na mkubwa wa jiji yuko kwenye TV anachambua utundu wake wa miaka 13. Badala ya kulia unaanza kumtetea mtoto, unatafuta picha nzuri, unawaeleza waandishi kwamba alikuwa anafanya kazi, alikuwa na watoto. Hiyo ndo dhuluma ya pili na mi naiona ni kubwa kama ya kwanza, kuinyima familia nafasi ya kulia tu. Kaka mtu hapaswi kuwa wakili wa mdogo wake mbele ya jeneza.

Alizikwa tarehe 25 Machi, siku ya Jumamosi. Maelfu ya watu walisindikiza jeneza pale Flatbush, Brooklyn, bendera za Haiti za bluu na nyekundu kila upande, na nje ya kanisa la Holy Cross kukatokea fujo kati ya waombolezaji na polisi, watu wakaumia wa pande zote wengine wakakamatwa. Hata kuzika hawakuzika kwa amani. Julai mwaka huo jopo la raia, lile linaloamua kama mtu ashtakiwe au la, likakataa kumfungulia mashtaka askari aliyepiga risasi. Mwaka 2003 jiji likakubali kuilipa familia dola milioni 2.25. Hela imelipwa, sawa, lakini mtu wa kujibu kwa kile kifo hajapatikana.

Kwahiyo mi nikimtaja Patrick sianzi na risasi wala faili. Naanza na huyu ni mwana wa André, mdogo wake Bigga, baba wa mabinti wawili, na ningependa na wewe ukimsimulia mtu uanze hivyo hivyo. Yule binti mkubwa alikuwa na kama miaka mitano baba yake alipouawa. Sasa hivi ameshampita umri.