Frigo ina bei mbili: namba ya pesa kwenye kibandiko inaeleweka vibaya

Katika maduka ya Birere, hapa Goma, frigo mpya na frigo ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, husimama ubavu kwa ubavu, na mnunuzi huona bei moja tu, ile anayotajiwa na muuzaji. Tuchukue mfano: mpya ya lita 200 dola 260, ya okazioni dola 130. "Mama, hii ni ya Ulaya, ni ya nguvu." Mkono unaenda kwenye ya 130. Bei ya pili, ile itakayolipwa kidogo kidogo kwa uniti za cash power (umeme wa kulipia kabla) miaka kumi mfululizo, haitajwi na mtu.

Imeandikwa, lakini kwa namna isiyosomeka. Vibandiko vya matumizi ya umeme vinavyoonekana kwenye milango ya frigo zetu viliandikwa kwa ajili ya wanunuzi wa nchi nyingine. Cha Uchina kina ngazi 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora. Cha Kenya, kwa kanuni za mwaka 2016, kina nyota, na 5 ndizo bora. Cha Ulaya kina herufi, nazo zilipangwa upya Machi 2021: A+, A++ na A+++ zikafutwa, ngazi ikarudi kuwa A hadi G, na frigo iliyoitwa A+ inaweza leo kuitwa F bila skrubu hata moja kubadilishwa. Mnunuzi anayejua kimoja atadanganywa na kingine. Kitu pekee kisichogeuka ni ile namba ndogo: kilowati-saa kwa mwaka (kwenye cha Uchina, kwa siku). Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya cash power.

Basi mafundi wengi husema: kama Kongo itatunga kanuni yake, hasa sasa tukiwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, iandikwe namba hiyo peke yake, na pesa isiguswe. Upande wa pili unataka pesa iandikwe waziwazi, kama Marekani, ambako kibandiko cha manjano kimebandikwa tangu 1980 na gharama ya mwaka ndiyo namba yake kubwa kuliko zote.

Hoja ya mafundi ina uzito, tuitaje yote. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua soko la umeme, na leo Goma ina wasambazaji kama SNEL, Virunga Energies na Nuru, kila mmoja na bei yake. Majirani wawili wanaweza kununua frigo ileile na kulipa tofauti kabisa. Kuna nyumba zisizo na mita, zinazolipa kiasi kilekile kila mwezi, zitumie ampuli (balbu) mbili au frigo tatu. Franka nayo haitulii. Andika "dola 55 kwa mwaka" kwenye mlango, na kwa nyumba nyingi namba hiyo itakuwa si ya kweli.

Ni kweli, lakini namba hiyo haikuwekwa ili itabiri ankara ya mtu. Iliwekwa ili frigo mbili zilinganishwe kwa kipimo ambacho mnunuzi anakishika kichwani. Wamarekani wenyewe hawana bei moja ya umeme: Hawaii hulipa zaidi ya mara mbili ya Louisiana. Kibandiko chao hutumia wastani wa nchi nzima, na kwa miaka mingi kiliandikwa kwa senti 12 kwa kilowati-saa. Wastani huo hauguswi kila mwaka, kwa makusudi, ili frigo iliyokaa stoo na frigo iliyoshushwa jana zipimwe kwa jiwe moja la mizani. Chini yake imeandikwa kwamba gharama yako itategemea bei unayolipa na matumizi yako. Kinachotakiwa ni bei ya msingi ionekane. Kama kibandiko kimehesabu kwa senti 20 na wewe unalipa 25, ongeza robo. Ukilipa 10, kata nusu. Mpangilio wa frigo, ipi inakula sana na ipi inakula kidogo, haubadiliki kwa msambazaji yeyote.

Na kwa nini pesa, wakati kilowati-saa inatosha kwa hesabu hiyo? Kwa sababu mnunuzi yuko katikati ya kupatana bei. Anapambana na dola 130 za tofauti, na dola hushindwa na dola tu. Mwambie frigo moja inakula kilowati-saa 219 kwa mwaka na nyingine karibu 690, atatikisa kichwa kwa heshima kisha alipie ya bei nafuu.

Tuzipige hizo namba hadi mwisho, maana uzito wa jambo uko hapo. Kilowati-saa 219 kwa mwaka ni uniti 0.6 kwa siku. Frigo ya okazioni ya miaka 20, mpira wa mlango umelegea, kompresa haipumziki, si ajabu ikala uniti 1.9. Tofauti ni uniti 1.3 kila siku. Kwa senti 25 kwa uniti, hizo ni senti 32 na nusu kwa siku, karibu dola 119 kwa mwaka. Zile dola 130 zilizookolewa dukani zinaisha baada ya siku 400. Kuanzia siku ya 401, aliyenunua rahisi ndiye anayelipa ghali. Kwa miaka kumi tofauti inakaribia dola 1,190, yaani frigo nne mpya na pesa ya kubaki. Shusha umeme hadi senti 10: siku 400 zinakuwa 1,000, chini kidogo ya miaka miwili na miezi tisa, na frigo mpya bado inashinda. Mwenye mita anaweza kubishana kuhusu siku ngapi, lakini frigo inayoshinda ni ileile. Asiye na mita ndiye kwake hesabu hii haina kazi, na hapo mafundi wana haki kamili.

Kukatika kwa umeme hakuifuti tofauti, ingawa wengi hudhani hivyo. Umeme ukikosekana kwa muda wa saa nane, joto linaingia ndani ya frigo, na ukirudi kompresa inafanya kazi mfululizo kulitoa. Nusu ya siku bila umeme haileti nusu ya matumizi. Frigo yenye kuta nyembamba ndiyo inayoadhibiwa zaidi.

Kuna kosa lingine ambalo namba ya pesa ingelizuia. Watu husoma bati la nyuma, wanaona ampea 0.6, wanazidisha kwa volti 220, wanapata wati 132, kisha wanazidisha kwa saa 24 na kutangaza uniti 3.2 kwa siku. Bati linaeleza mzigo ambao waya na fyuzi vinapaswa kuubeba. Kompresa huwaka na kupumzika, na frigo nzuri katika hali ya hewa ya Goma hupumzika zaidi ya inavyofanya kazi.

Kuna gharama moja ambayo hakuna kibandiko kitakachoionyesha. Volti zikishuka hadi 160, kompresa inanguruma bila kuanza, kinga yake inakata "tak", inajaribu tena, hadi koili inaungua. Kwa hiyo watu wanaweka stabilizata. Stabilizata inayokula wati 15 usiku na mchana humaliza uniti 0.36 kwa siku, zaidi ya nusu ya chakula cha frigo mpya. Hili linastahili kusemwa kwa mnunuzi, na halisemwi.

Wala kanuni isiwe ya kila chombo. Pasi, resho (jiko la umeme) na birika la umeme hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Pasi ya wati 1000 ya bei ghali na ya bei ndogo zinakula sawa kwa dakika zilezile. Kuzibandika nyota ni kupoteza karatasi. Frigo, televisheni, ampuli na pampu ya maji, hapo sawa. Sufuria ya umeme ya presha pia: Goma iko kwenye mita kama 1,500, maji yanachemka karibu nyuzi 95, na maharage kwenye resho la wazi yanaweza kumaliza uniti mbili, wakati sufuria hiyo inayaivisha kwa nusu uniti hivi. Mama anayepima kati ya umeme na gunia la makala (makaa) anahitaji kuiona tofauti hiyo kwa pesa, kwa sababu makala anayanunua kwa pesa.

Ugumu wa kweli uko kwenye okazioni. Kibandiko kimeng'olewa miaka mingi iliyopita, na hata kingekuwepo, kinaeleza frigo ilipotoka kiwandani. Gesi huenda ilishabadilishwa na fundi aliyeongeza kwa kukisia. Kanuni ikidai kibandiko kwa kila frigo, muuzaji wa okazioni atabandika cha uongo au atafunga duka, na familia yenye dola 130 tu itabaki bila frigo. Kwa hiyo bora kanuni ianze na mpya zinazoingia kwa makontena, kwa mistari miwili: kilowati-saa kwa mwaka, na gharama yake kwa bei ya msingi iliyotajwa hapohapo.

Kwa okazioni, mnunuzi ajipimie kabla ya kulipa pesa yote. Weka noti ya franka 500 kwenye ukingo wa mlango, ufunge, uivute: ikitoka bila kukaza, mpira umekufa. Iache frigo iwake usiku mzima, ndani mkiwa na chupa za maji, ili ishuke hadi ubaridi wake wa kawaida. Kisha zima kila kitu kingine na angalia taa nyekundu ya mita. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh huwaka mara 1,000 kwa kila uniti. Hesabu mimweko kwa saa mbili nzima, kompresa ikiwaka na kuzima yenyewe, kisha zidisha kwa 12. Mimweko 50 ni uniti 0.6 kwa siku. Mimweko 160 ni uniti 1.9, na kwa hiyo muuzaji ashushe bei au frigo irudi ilikotoka.