Kipimo cha mkojo hakipimi ulevi

Mwaka 2010 kampuni ya televisheni ya Dish Network, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ilimfukuza kazi mhudumu wake wa simu baada ya kipimo cha kushtukiza kuonyesha kwamba ametumia bangi. Mtu huyo alipooza viungo vyote vinne kwa ajali ya gari alipokuwa kijana. Misuli yake hukakamaa kwa maumivu makali, na mwaka 2009 jimbo lilimpa kibali cha kutumia bangi kama tiba. Aliitumia nyumbani, baada ya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu za wateja akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Kampuni haikumshtaki kwamba alifika kazini amelewa. Alivunja sera ya kampuni ya kukataza dawa za kulevya, basi.

Alikwenda mahakamani akashindwa. Mwaka 2015 majaji wote sita wa Mahakama ya Juu ya Colorado waliosikiliza rufaa yake walikubaliana. Sheria ya jimbo humkinga mfanyakazi asifukuzwe kwa jambo halali alilofanya nje ya saa za kazi, lakini bangi bado ni kosa kwa sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, kwa hiyo kinga hiyo haimfikii. Kwa jinsi sheria ilivyoandikwa, sioni walipokosea. Kinachonisumbua ni kwamba mtu alipoteza riziki yake na swali la kama aliwahi kushindwa kazi halikuhitaji hata kuulizwa.

Waajiri nao wana hoja, tena nzito. Tarehe 4 Januari 1987, huko Chase, Maryland, injini za kampuni ya Conrail zilipita ishara za kusimama na kuingia kwenye njia ya treni ya abiria ya Amtrak. Watu 16 walikufa. Dereva na msaidizi wake walikuwa wamevuta bangi. Ajali hiyo ilichangia kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 1991 inayolazimisha vipimo kwa wanaoendesha treni, malori, mabasi na ndege. Mwajiri mwenye mitambo mizito haulizi swali la kipuuzi anaposema: mnataka nisubiri mpaka mtu afe? Tena pombe ina kipimo cha pumzi chenye kiwango kinachokubalika, ilhali kwa bangi hakuna namba ambayo wataalamu wote wanaikubali kuwa ndiyo mpaka wa kulewa. Penye shaka, anasema, bora nikataze yote.

Ningemkubalia kabisa kama kipimo anachokitegemea kingekuwa kinamwonyesha aliyelewa. Hakimwonyeshi. THC ndiyo kemikali ya bangi inayolewesha, lakini kipimo cha mkojo hakitafuti hiyo. Kinatafuta mabaki yanayobaki ini likishaivunjavunja, na mabaki hayo hayaleweshi. THC huingia kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Aliyevuta mara moja huenda akawa safi baada ya siku chache, lakini mgonjwa anayeitumia kila siku anaweza kuendelea kuonekana ana bangi kwa wiki kadhaa, hata mwezi mzima baada ya kuacha. Maabara ikikuta nanogramu 50 kwa mililita katika kipimo cha kwanza, kisha 15 katika kile cha kuthibitisha, jibu ni moja: ametumia. Lini, kiasi gani, na kama kichwa chake kilikuwa sawa asubuhi hiyo, karatasi haisemi.

Sasa waweke wawili kwenye foleni ya kipimo. Wa kwanza hajawahi kuvuta, ila leo amejaribu nusu saa iliyopita na macho yamemlegea. Wa pili ni mgonjwa aliyetumia dawa yake Jumamosi usiku, na leo ni Alhamisi. Huyo wa kwanza anaweza kupita, kwa sababu mabaki hayajafika kwenye mkojo. Anayefukuzwa ni wa pili. Kwa jina la usalama, aliye hatari anarudi kwenye mtambo na aliye salama anaambiwa afungashe vitu vyake.

Na si kwamba mfumo hauwezi kumwamini daktari. Dereva wa lori Marekani akikutwa na oksikodoni, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, daktari anayekagua majibu hutazama cheti chake cha dawa, na kikiwa halali majibu huandikwa kuwa hayana tatizo. Vivyo hivyo kwa Marinol, kidonge cha THC iliyotengenezwa maabara kilichoidhinishwa tangu 1985. Kemikali ni ileile. Ikitoka kiwandani cheti kinasikilizwa. Ikitoka kwenye mmea, kibali cha jimbo hakimsaidii kitu. Ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaoendesha malori kule wanapaswa kulijua hili kabla hawajashawishiwa na duka la bangi lenye leseni mtaani kwao.

Kuna waliokwisha kuanza kurekebisha. Tangu Januari 2024 California inakataza waajiri wengi kumwadhibu mtu kwa mabaki yasiyolewesha, ingawa kazi za ujenzi zimeachwa nje. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Kazi ya Afrika Kusini ilimpa ushindi mfanyakazi wa ofisini wa kampuni ya Barloworld, aliyeacha vidonge na kutumia bangi kwa ajili ya wasiwasi na usingizi. Hakuendesha mtambo wowote, na kampuni haikuthibitisha kwamba alilewa kazini. Mahakama ikasema sera ya kutovumilia hata chembe ilimbagua na kuingilia faragha yake, ikaamuru alipwe fidia.

Anayeendesha treni apimwe, na apimwe kwa ukali. Lakini apimwe mate, ambayo huonyesha THC yenyewe na matumizi ya karibuni, na apewe majaribio ya wepesi wa akili na mikono kabla hajashika usukani. Kwa anayepokea simu, msimamizi aangalie kazi yake.