Niko Hamsini, Picha ya Nini?

"Kama huna unachoficha, waogopa nini?" Nimeisikia tena wiki hii barazani, baada ya swala ya magharibi, kutoka kwa mzee ambaye ukuta wa nyumba yake umepandwa vipande vya chupa juu na geti lake halina hata tundu la kuchungulia. Mazungumzo yalikuwa ya kamera za barabarani, zile tunazoahidiwa miaka nenda miaka rudi: ukizidisha mwendo inakupiga picha, inasoma namba ya gari, faini inakufuata kwenye simu kabla hujafika Kilifi. Wenzangu wakaitikia, "Kweli, ami, kweli." Mimi nikamalizia kahawa yangu. Mzee ni mzee, simjibu mbele za watu. Lakini hapa ni kwangu, na hapa nitasema.

Nianze na lile nisilopenda kulikubali, tumalizane nalo. Barabara ya Malindi kwenda Mombasa inaua. Simama Gede saa watoto wanapotoka shule, utazame matatu zinavyopita kana kwamba breki zimepigwa marufuku. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa unapoingia mjini na kwenye vituo vya biashara, 80 kwa gari la abiria hata kama barabara ni nyeupe mpaka upeo wa macho. Tangu kanuni za mwaka 2004 za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, kila matatu ina spidi gavana ya kuzuia kasi, yaani kila matatu ina kisanduku kinachoitwa spidi gavana. Miaka ya karibuni NTSA yenyewe, mamlaka ya usalama barabarani, inahesabu maiti zaidi ya 4,000 kila mwaka Kenya nzima. Na kamera zinasaidia, nimesoma. Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, walipitia tafiti 35 mwaka 2010 wakakuta kwamba karibu na kamera ajali za vifo na majeraha makubwa zilipungua kwa kati ya asilimia 11 na 44. Haya, nimekubali. Msinirudishe tena hapo.

Nitaongeza na la pili, kwa shingo upande. Kamera haikuulizi "sasa tunafanyaje, boss?" Haichukui leseni yako ikazunguka nayo nyuma ya gari ikisubiri ujiongeze. Kila dereva wa njia hii anajua hesabu ya asubuhi inavyoliwa kabla ya kufika Mtwapa. Ila wanaosema kamera itaua mlungula waulize Chicago. Huko ofisa wa jiji aitwaye John Bills alifungwa miaka 10 mwaka 2016 kwa kula rushwa ya kampuni iliyopewa kandarasi ya kamera za kunasa wanaopita taa nyekundu. Mlungula ulitoka kwa trafiki aliyesimama juani ukapanda ngazi mpaka ofisi yenye kiyoyozi, na kule ukanenepa.

(Kwa wanaopenda vichekesho: kamera maarufu za mwendo za Ulaya zilianzia kwa Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyeshinda mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1953. Alitaka kujipima mwenyewe ili akate kona kwa kasi zaidi.)

Sasa tuje kwenye ugomvi wangu. Mwenye kwenda 120 pale Msabaha apigwe picha, atundikwe hata kwenye ukuta wa soko, sina neno. Ninayemuuliza ni yule aliyepita na 50 yake, mkanda amefunga, bima ipo. Yeye kapigwa picha ya nini? Maana zipo kamera za aina mbili na watu wanazichanganya. Moja imelala mpaka mtu avuke kiwango, ndipo inaamka. Nyingine inasoma namba ya kila gari linalopita, mwenye kosa na asiye na kosa. Ile inayopima mwendo wa wastani haiwezi kufanya kazi vingine: inakusoma unapoingia kipande cha barabara, inakusoma unapotoka, inagawanya umbali kwa muda. Lazima ishike kila mtu ndipo ijue nani wa kuachwa. Na huyo anayeachwa, rekodi yake inaachwa naye? Au inakaa mahali, na tarehe, na saa, na dakika?

Mzee wangu wa barazani, wewe umezaliwa ndani ya nyumba ya mawe. Unajua mlango wa mbele unavyofunguka ukaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha njia ikapinda ndipo ukafika kiwandani, yaani uani, makusudi, ili mpita njia hata akikuta mlango wazi asione kitu ila ukuta mweupe. Wazee waliojenga hivyo Lamu, Pate na hapa kwetu walikuwa wanaficha wizi gani? Mgeni anapiga hodi mara tatu, asipojibiwa anarudi alikotoka, hata kama amesikia sauti ndani. Na Suratul Hujurat tumeisomeshwa sote chuoni: msipelelezane. Haikusema msipelelezane isipokuwa mwenzio awe hana cha kuficha. Mtu mwema ndiye hasa aliyewekewa ukuta ule. Mwizi hupita popote.

Na tusijidanganye kwamba hatari ni wadukuzi wa Urusi. Sisi tuko Malindi. Hapa gari ni mtu. Ukiona Probox ya kijivu yenye bampa lililofungwa waya umeshamuona mwenyewe, na umeshajua anatoka wapi. Karani atakayekaa mbele ya kompyuta ya hizo kamera hatashushwa kutoka mwezini. Atakuwa mtoto wa fulani, kaoa kwa fulani, jioni anakunywa kahawa na fulani. Mnalikumbuka lile daftari la mawakala wa pesa, tulilokuwa tunaandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu kila tukitoa hela? Mdogo wangu wa kike aliandika yake kwenye duka moja la mjini, usiku huohuo akaanza kupokea ujumbe wa "mambo mrembo" kutoka kwa asiyemjua. Nilipokwenda pale kuuliza, kijana wa dukani alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba daftari ni la kazi. Hakukataa kwamba limesomwa. Kwake lile lilikuwa daftari tu, na daftari limewekwa mezani lisomwe. Walinzi wa mageti ya maofisi nao wana lao, ukurasa wa leo na wa jana uko wazi, unaandika jina lako huku unasoma nani alikuja kabla yako na alikwenda kumuona nani. Hatujawahi kuona ajabu.

Sasa lichukue daftari hilo ulipe macho barabarani, lisichoke, lisilale, likumbuke mwaka mzima. Gari fulani kila Alhamisi linapita Gede saa tatu asubuhi, linarudi saa nane. Kamera haijui sababu, wala haihitaji kujua. Sababu tutaijaza sisi, na sisi kwa kujaza ni mabingwa. Kumbe ni mtu anampeleka mamake kusafishwa figo na mama mwenyewe hataki ijulikane, hataki foleni ya watu kuja kumpa pole kabla hajafa. Kumbe ni mwanamke anakwenda kwa wakili na bado hajamwambia mumewe. Ndiyo, na kumbe ni sheikh mwenye nyumba ya pili Watamu. Nawaona mnacheka. Yeye naye katiba haikumtoa. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha, na sikuona pale orodha ya waliotengwa.

Mtaniambia ni dhana zangu. Basi sikilizeni yaliyotokea Birmingham, Uingereza, mwaka 2010. Mitaa ya Sparkbrook na Washwood Heath, yenye Waislamu wengi, iliwekwa kamera 218 na nyingi zilikuwa za kusoma namba za magari. Wenyeji walielezwa ni za kupambana na uhalifu wa mtaani, wizi wa magari na mfano wa hayo. Nani angekataa? Baadaye ikaja kufahamika kwamba fedha zilitoka kwenye mfuko wa kupambana na ugaidi, na kamera 72 kati yake zilifichwa kabisa. Watu wakaghadhibika, polisi wakaomba radhi, kamera zikavikwa mifuko, mwaka uliofuata zikang'olewa. Zilikuwa zinangoja kurekodi nani anaingia mtaani na nani anatoka, na kosa lao wale watu lilikuwa anuani.

Sisi wa pwani hii tunahitaji kufafanuliwa hilo? Nani asiyejua jina la Kiislamu linavyorefusha mazungumzo kwenye kizuizi cha polisi? Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, 2014, ndugu zetu wa upande wa Lamu walisafiri kwa misafara ya polisi, wakashushwa kwenye mabasi, wakakaguliwa kitambulisho baada ya kitambulisho. Hatari ilikuwepo, sikatai, waliouawa Nyongoro na Milihoi, njia ya Lamu, hawakuuawa kwa uvumi. Lakini kifaa kilicholetwa kwa sababu moja kikishafungwa kwenye nguzo hakina mtu wa kukiuliza kimebadilisha kazi lini. Na lililonikera zaidi: mwaka 2024 vijana walioikosoa serikali walipokuwa wanachukuliwa kwa nguvu majumbani na barabarani, simulizi zilikuwa za magari yasiyo na alama na namba zisizo za kweli. Kamera zitajua mimi nilikwenda Mambrui kununua samaki Jumamosi. Gari lile hazitalijua.

Nimesikia pia "tuna Sheria ya Kulinda Data." Tunayo, ya mwaka 2019, na ni nzuri ukiisoma. Kifungu cha 31 kinataka madhara yapimwe kabla mfumo haujaanza, na cha 35 kinakupa haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliiambia serikali kwamba ilitoa kadi za Huduma Namba, za utambulisho wa raia, bila kufanya upimaji huo. Yaani sheria ilikuwa imeshatungwa na waliotunga ndio walioiruka. Msiniambie tena tuna sheria kwa sauti ile ya kumtuliza mtoto.

Jambo la hati ya gari nitalipitia haraka kwa sababu kila mtu analijua: nusu ya magari ya mji huu yanaendeshwa kwa jina la mtu mwingine. Aliyeuza yuko Mombasa, aliyenunua alimuuzia shemejiye, shemeji kampa dereva wa hesabu. Kwa kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, ukizidisha kwa kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Elfu kumi inamfikia mtu aliyeliuza gari zamani, na aliyekanyaga mafuta yuko Tarasaa anakula muhogo. Kama wanataka kuanza mahali, waanze hapo.

Halafu kuna tuta. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kukata utepe wa tuta, lakini tuta linampunguza mwendo mheshimiwa na mwenye bodaboda sawasawa, na haliweki kumbukumbu ya yeyote. Najua, najua, huwezi kujaza matuta kwenye barabara kuu, ambulensi nayo inapita, na usiku bila rangi tuta lenyewe linaua. Nimesema tu lipo.

Wajerumani, ambao hakuna anayewasingizia kupenda fujo barabarani, walilipeleka suala hili Mahakama ya Katiba. Mwaka 2008 mahakama ilifuta sheria za majimbo mawili zilizowaruhusu polisi kusoma namba za magari bila mipaka, ikasema namba isiyotafutwa lazima ifutwe papo hapo, bila ya mtu kuijua. Mwaka 2018 ikaenda mbele zaidi: hata kukusoma tu na kukuachia ni kuigusa haki yako, kwa hiyo lazima kuwe na sababu. Uingereza, kwa upande wake, namba za magari yasiyo na kosa hukaa mwaka mzima kwenye hifadhi ya polisi. Njia zote mbili zipo na zote mbili zinafanya kazi. Nchi huchagua. Mimi naomba ya Ujerumani, na naomba ichaguliwe kwa maandishi kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa. Tukishazoea mlio wa ujumbe wa faini, hakuna atakayekumbuka kuuliza habari za wasio na faini.

Kwa hiyo siku watakapokuja kwetu na mkutano wao wa maoni ya umma, hema jeupe, soda za baridi, karatasi ya kusaini waliohudhuria (na nambari ya simu, bila shaka), tusiishie kuuliza faini ni shilingi ngapi na kamera itawekwa wapi. Ami, wewe unakaa mbele na unasikilizwa, basi uliza wewe: picha ya aliyepita na hamsini inafutwa baada ya dakika ngapi, nani anaifuta, na asipoifuta anashtakiwa yeye kwa jina au inashtakiwa "mfumo"? Wakikujibu kwamba hilo litaangaliwa baadaye na wataalamu, usisaini ile karatasi. Soda kunywa.