Dari ya Leicester na dari ya Kibokoni

Asubuhi moja ya Januari, nikiwa bado kitandani katika nyumba ninayopanga hapa Leicester, Uingereza, niliona kwenye kona ya dari, juu ya kabati la nguo, vidoa vyeusi vya ukungu vilivyotawanyika kama pilipili manga iliyomwagika. Baada ya wiki tatu vidoa hivyo vilikuwa vimeungana na kushuka hadi ukutani. Wakala wa mwenye nyumba alipokuja hakupanda ngazi wala hakugusa ukuta. Alisimama mlangoni, akaniuliza tunafungua madirisha mara ngapi kwa siku, tunapika vyakula gani na nguo tunazianika wapi, kisha akaniachia karatasi yenye maelezo ya namna ya kuishi. Mimi niliyezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ambayo madirisha yake hayakuwa na kioo hata kimoja, nilikuwa ninafundishwa habari za hewa.

Insafu yanitaka nikiri kwamba sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli. Kiswahili kimetumia jina moja, ukungu, kwa ule unaofunika bahari alfajiri na kwa huu unaoota darini (ingawa mama yangu huu wa pili huuita koga), na asili ya wote wawili ni maji yaliyomo hewani. Hewa ya chumbani yenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha maji inapogusa kitu kilichopoa hadi nyuzi 12 hivi. Kona ambayo dari inakutana na ukuta wa nje, hasa ikiwa matandiko ya kuzuia baridi yaliyo juu ya dari hayakufikishwa pembeni, hupoa kiasi hicho usiku wa baridi bila shida yoyote. Fungu moja la nguo mbichi likianikwa ndani laweza kutoa lita mbili hivi za maji, na bado hujahesabu pumzi za watu wanne, sufuria ya wali na maji ya moto ya kuogea. Lakini ni nani atakayeanika nguo nje mwezi wa Januari?

Jambo lililonichukua muda mrefu kulikubali ni kwamba hapa mvua yaweza kuwa inanyesha nje na bado kufungua dirisha kukawa ndiko kukausha nyumba. Hewa ya nyuzi 5, hata ikishiba maji kabisa, haibebi zaidi ya gramu 7 kwa kila mita ya ujazo, ilhali ya nyuzi 20 hubeba hadi gramu 17. Ukifungua dirisha dakika kumi unatoa hewa yenye maji mengi na kuingiza yenye maji machache, ambayo ikipashwa joto huwa kavu. Karatasi ya wakala ilisema kweli, ila haikutaja kwamba feni ya kutolea hewa bafuni ilikuwa imekufa kabla sisi hatujahamia. Feni ilipobadilishwa, baada ya barua nne, ile kona ilisafishwa mara moja tu na mpaka leo ni nyeupe.

Ninachokataa, kwa hiyo, ni mtu kuulizwa juu ya mwenendo wake kabla dari haijakaguliwa. Nchi hii imelipia kosa hilo kwa roho ya mtoto. Awaab Ishak, mwana wa wazazi waliotoka Sudan, alifariki Desemba 2020 huko Rochdale akiwa na miaka miwili, na Novemba 2022 uchunguzi wa kifo chake ukathibitisha kwamba sababu ilikuwa ni kuishi muda mrefu katika ukungu wa nyumba yao. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake, na baadaye wenye nyumba wenyewe wakakiri kwamba walikuwa wameidhania familia ile mambo kuhusu namna wanavyoishi na kuoga. Kutokana na msiba huo ikatungwa sheria mwaka 2023, na tangu tarehe 27 Oktoba 2025 wenye nyumba za kijamii, yaani halmashauri na mashirika ya makazi, wanatakiwa kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza ukungu mkubwa ndani ya siku 10 za kazi. Mimi ninapanga kwa mtu binafsi, hivyo sheria hiyo bado haijanifikia, lakini naijua thamani ya kuhesabiwa siku.

Nyumba yetu ya Kibokoni haikuwa na haja ya karatasi ya maelezo. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari ni boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, juu yake mawe na sakafu ya chokaa. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Hewa huingia upande wa bahari, ikapita ukumbini na kutokea kiwandani, yaani ua wa ndani, huku chokaa ikivuta unyevu na kuutoa taratibu. Tena chokaa ni kali, na ukungu hauipendi. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, mama alituma mtu apake chokaa upya, naye mama alidhani ni urembo tu. Sisemi kwamba hatukuijua koga. Wakati wa masika viatu vya ngozi viliota manyoya ya kijani ndani ya sanduku, na paa lilipovuja boriti moja ililainika hadi ikaingia kidole. Lakini dari nyeusi kwa sababu ya pumzi za watu sikuiona mpaka nilipovuka bahari.

Sasa naiona Mombasa, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mwaka jana nililala kwa ndugu yangu, mtaani Nyali, katika fleti mpya yenye dari ya jipsamu, madirisha makubwa ya vioo ambayo nusu yake hayafunguki, na kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18 usiku kucha. Hewa ya Mombasa yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa jasho inapogusa kitu cha nyuzi 24. Dari iliyopozwa hadi 18 ni sawa na gilasi ya maji ya barafu. Bodi ya jipsamu imevishwa karatasi pande zote mbili, na karatasi ni chakula cha ukungu. Kwa kuwa hewa yenye unyevu hukaa baina ya bodi na mabati, doa huanza upande usioonekana, na likijitokeza chini jua kwamba juu kumekwisha kuharibika. Mwenye fleti alikuja na ndoo ya rangi. Ndugu yangu naye alifungua madirisha huku kiyoyozi kikinguruma, akifuata ushauri niliompa mimi mwenyewe kwa simu kutoka Leicester, na kwa kufanya hivyo akakaribisha maji ndani. Kwetu uchague moja: ama upepo upite na kiyoyozi kizimwe, ama ufunge kabisa na usishuke chini ya nyuzi 25.

Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuficha tu, kwani baada ya wiki chache utatoboa. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: tangi la juu ya paa, bomba la kiyoyozi lililoziba au bati lililopasuka. Kisha vaa barakoa, ulowanishe doa kwa maji ya sabuni na kulipangusa kwa kitambaa utakachokitupa, wala usilisugue likiwa kavu, maana utazirusha mbegu zake chumba kizima. Jiki huondoa weusi kwenye vigae, lakini kwenye bodi iliyolowa haifiki ndani, na usithubutu kuichanganya na siki wala dawa yenye amonia, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Bodi iliyolainika haitibiwi, hukatwa.

Ibara ya 43 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha, lakini mpangaji wa Mombasa aliye na dari nyeusi hana wa kumhesabia siku. Humwambia mwenye nyumba, naye humwambia kuna watu wengi wanaoitaka fleti hiyo.

Juma lililopita ndugu yangu alinipigia kwa furaha kunieleza kwamba amempata fundi wa kuziba zile boriti za chumba cha juu cha mama kwa jipsamu, apate dari nyeupe kama za Nyali, na kiyoyozi juu yake. Bodi kumi na mbili zimekwisha kununuliwa. Nilimwomba aigeuze kamera ya simu nizione: zilikuwa zimeegemezwa ukumbini, mvua ya masika ikisikika nje, na ile ya mbele ilikuwa imeanza kuvimba ukingo wa chini.